Duka la kibodi maalumu lajibu malalamiko: kwenye ubora limejitetea vizuri, kwenye urudishaji bado

Duka moja linalouza kibodi za mekanika kwa oda limewatolea wateja wake maelezo marefu kuhusu mambo mawili yaliyolalamikiwa zaidi: bidhaa zinazofika na kasoro, na bidhaa zinazokataliwa zinaporudishwa. Jina la duka tunaliacha, maana hoja zake utazisikia kwa wauzaji wengi wa bidhaa hizi, na mnunuzi wa duka lolote anaweza kuzipima kwa njia hizi hizi. Kwa kifupi, kwenye ubora muuzaji amejibu kama fundi: amekiri panapostahili na kutaja sababu. Kwenye urudishaji amejibu kama mhasibu, na hapo ndipo inafaa kusoma kila mstari kabla ya kulipa.

Lalamiko linalojirudia kuliko yote ni kelele za vitufe virefu. Backspace, Enter, Shift zote mbili na kitufe cha nafasi ni virefu mno kubebwa na swichi moja (kile kidude kilicho chini ya kila kitufe kinachohisi mbonyezo), kwa hiyo kila kimoja huwekewa stebilaiza, yaani vishikizo viwili vya plastiki vilivyounganishwa kwa waya wa chuma ili ncha zote mbili zishuke pamoja. Waya ukicheza ndani ya plastiki, kitufe kinatoa mlio wa chuma kila kikibonyezwa. Muuzaji anasema stebilaiza zake hupakwa grisi kiwandani, kwamba kiasi hakilingani kati ya kibodi moja na nyingine, na kwamba mlio pekee haumpi mteja haki ya kurudisha. Mawili ya kwanza tunayakubali. La mwisho linategemea chanzo cha mlio, na vyanzo viko viwili.

Cha kwanza ni grisi kuwa kidogo au kupakwa pasipotakiwa. Hicho kinatibika mezani. Ng'oa kofia ya kitufe (kile kifuniko cha plastiki chenye herufi), toa stebilaiza, paka grisi nzito ya daielektriki kwenye ncha mbili za waya pale zinapoingia kwenye plastiki, kisha grisi nyepesi zaidi ya Krytox 205g0 kwa brashi ndogo kwenye kuta za ndani ambako plastiki inasuguana na plastiki. Kinachotakiwa ni utando mwembamba unaong'aa, si matone. Ukizidisha, kitufe kitashuka vizuri na kupanda kwa uvivu, na Backspace inayopanda kwa uvivu inaudhi kuliko inayolia.

Chanzo cha pili ni waya uliopinda. Uchomoe, ulaze juu ya kioo, bonyeza ncha moja kwa kidole. Ncha ya pili ikiinuka, hata kwa unene wa karatasi tu, waya umejipinda na hakuna grisi itakayonyamazisha upande unaogonga. Mwenye subira ataunyoosha kidogo kidogo kwa koleo mpaka ulale. Lakini waya unaofika umepinda ni kasoro ya utengenezaji, na duka linatakiwa kutuma mwingine bure. Katika maelezo yake muuzaji amevichanganya vyanzo hivi viwili, kwa hiyo mteja mwenye waya uliopinda anaambiwa akapake grisi. Ukiandika kudai, usiandike tu kwamba kibodi inapiga kelele. Taja kitufe, taja upande, na weka picha ya waya ukiwa juu ya kioo.

Kitufe cha nafasi kina ugonjwa wake. Kofia za plastiki ya PBT zinasifiwa kwa kuwa hazing'ai upesi kwa mafuta ya vidole kama za ABS, ila PBT hujikunyata zaidi inapopoa kwenye kalibu, na kipande kirefu ndicho kinachoumia. Kitufe cha nafasi cha kawaida kina upana wa 6.25u. U moja ni milimita 19.05, kutoka katikati ya kitufe hadi katikati ya jirani yake, hivyo tunazungumzia kipande cha karibu milimita 118. Kikijikunja, miguu yake ya pembeni haikai wima tena. Inalazimishwa ndani ya stebilaiza, na kitufe kinakwama ukikibonyeza upande mmoja. Kukipima ni rahisi: kilaze kwenye kioo, pitisha karatasi chini ya ukingo wake. Ikipita katikati bila kugusa au kifuniko kikiyumba kwenye ncha, kimepinda. Hapa muuzaji anastahili sifa. Amekiri kwamba bechi moja ilitoka hivyo, na anatuma kofia mbadala bila kudai ya kwanza irudi. Ni uamuzi wa busara kwa kila kipande cha bei ndogo, maana gharama ya posta ingezidi thamani ya plastiki.

Kuna na lalamiko ambalo wateja wenyewe walilielewa vibaya: vitufe vya mstari wa katikati kugonga chini kwa mlio mzito na kufika mapema kuliko vingine. Wengi walidhani kofia ni mbovu. Kinachotokea ni kwamba kofia za umbo la Cherry zikivikwa kwenye swichi ambazo upande wa taa umeelekea mbali na mwandishi, ukuta wa ndani wa kofia za mstari ule unagonga paa la swichi kabla swichi haijamaliza safari yake. Bodi (ubao wa saketi unaobeba swichi) inayoelekeza taa upande wa mwandishi haina shida hiyo, na kofia za umbo jingine lenye nafasi zaidi ndani hazigongi. Muuzaji ameeleza haya bila kosa. Tatizo ni kwamba kwenye ukurasa wa mauzo anaziweka bodi hiyo na kofia hizo katika kifurushi kimoja bila neno lolote la tahadhari. Kama unajua vitu viwili vinagongana, usiviuze pamoja halafu umfundishe mteja baadaye.

Sasa soketi, ambako ugomvi mkubwa wa fedha uko. Kibodi nyingi za duka hili zina soketi za kuchomeka, yaani swichi inaingizwa na kutolewa bila kulehemu. Swichi ina pini mbili nyembamba za chuma, na hapo ndipo pa kwanza kuharibika: swichi ikiingia kwa mshazari, pini moja inajikunja chini yake badala ya kuingia kwenye tundu, na kitufe kinakufa. Hilo halihitaji kurudisha chochote. Chomoa swichi, nyoosha pini kwa kibano, ichomeke tena ikiwa wima. Baadhi ya swichi zina miguu miwili ya ziada ya plastiki. Kama bodi yako haina matundu yake, ikate kwa koleo ya kukatia badala ya kusukuma kwa nguvu.

Pa pili ni soketi yenyewe kung'oka. Soketi hushikiliwa nyuma ya bodi kwa risasi ya kulehemu kwenye pedi mbili tu za shaba. Ukisukuma swichi kutoka juu bila kutegemeza soketi kwa kidole kutoka chini, nguvu yote inaishia kwenye pedi hizo. Kampuni ya Kailh, ambao soketi zao ndizo zilizoenea, huzitaja kwa kuchomeka na kuchomoa mara 100 hivi, kiasi kinachomtosha mtu wa kawaida na kisichomtosha anayejaribu swichi mpya kila wiki. Msimamo wa muuzaji ni kwamba soketi iliyong'oka ni kosa la mteja, siku zote. Hilo tunalikataa. Kiungo kisichoshika kiwandani kinaachia kwenye msukumo wa kwanza kabisa, na dalili zake zinaonekana kwa macho. Tazama bodi kwa mwanga mkali: pedi ya shaba ikiwa imebaki salama mahali pake na risasi imeachana nayo kwa uso laini, kiungo hakikushika tangu mwanzo. Pedi ikiwa imechanika na kuondoka pamoja na soketi, nguvu ilizidi. Piga picha kabla hujagusa kitu, kwa sababu ukishaleta chuma cha kulehemu karibu, ushahidi umekwisha na duka halitakusikiliza tena.

Kitufe kisipofanya kazi, usikimbilie kuandika malalamiko kabla ya kujua kilichokufa. Fungua VIA (programu ya kupanga na kupima vitufe), kama kibodi yako inaikubali, nenda kwenye sehemu ya kupima vitufe. Toleo lake la wavuti linahitaji Chrome au kivinjari cha jamii hiyo. Firefox haitaiona kibodi. Badilishana swichi ya kitufe kilichokufa na ya jirani yake anayefanya kazi. Ugonjwa ukihamia kwa jirani, swichi ndiyo mbovu, na hiyo ni ya kubadilishwa peke yake. Ugonjwa ukibaki palepale, toa swichi na uguse matundu mawili ya soketi kwa ncha za kibano cha chuma kwa wakati mmoja. Herufi ikitokea, soketi na njia zake ziko hai, na tatizo lilikuwa pini kutogusa. Isipotokea, geuza bodi ukague soketi na dayodi (kijisehemu kinachopitisha umeme upande mmoja tu) ya kitufe hicho. Mstari mzima au safu nzima ikifa, acha kuhangaika na swichi: kuna njia ya shaba iliyokatika au pini ya kidhibiti (chipu inayoongoza kibodi) isiyoshika, na hiyo ni bodi ya kurudi dukani.

Kitufe kinachoandika herufi mara mbili kina jibu lake. Mabati mawili ya ndani ya swichi hutetema yanapogusana, na programu ya ndani ya kibodi husubiri kidogo kabla ya kuamini mguso. QMK, programu ya ndani inayotumiwa na kibodi nyingi za aina hii, husubiri milisekunde 5 isipobadilishwa. Duka linawatumia wateja faili ya programu hiyo yenye subira ndefu zaidi. Dawa hiyo inaficha dalili tu. Swichi moja kati ya zote ikirudia herufi, dai swichi. Vitufe vingi vikirudia kwa pamoja, ndipo faili mpya ina maana.

Kwenye kebo muuzaji amekwepa. Wateja kadhaa walisema kibodi haiwaki kwa kebo yenye kichwa cha USB-C pande zote mbili, akawajibu watumie kebo iliyokuja kwenye boksi, ambayo upande wa kompyuta ina kichwa cha zamani cha USB-A. Kwa kebo hiyo inawaka, ndiyo. Lakini kifaa cha USB-C kinatakiwa kuwa na rezista mbili za kiloomu 5.1, moja kwa kila pini ya CC (pini mbili za kutambuana ndani ya tundu la USB-C), zinazoiambia kompyuta kwamba kuna kifaa kinachohitaji umeme. Zisipokuwepo, kompyuta haitoi umeme kupitia kebo ya C kwa C. Ikiwepo moja tu, kibodi inawaka kichwa kikiingia upande mmoja na kuzimika ukikigeuza. Hata kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4 ilipotoka mwaka 2019 ilikuwa na kosa la jamii hiyo kwenye pini za CC, ikakataa baadhi ya kebo, na bodi ikarekebishwa. Kwa hiyo hili ni kosa la usanifu wa bodi, na kebo ya boksi si jibu. Kama kompyuta yako ina matundu ya USB-C peke yake, uliza kabla ya kununua, kwa maandishi: je, inawaka kwa C kwa C pande zote mbili za kichwa?

Kibodi zilizogawanywa vipande viwili ndizo zenye kisa kibaya zaidi. Vipande huunganishwa kwa kebo ya TRRS, ile yenye kichwa cha milimita 3.5 kama cha vipokea sauti vya masikioni. Kichwa hicho kikiingia au kutoka, ncha yake hupita juu ya miguso yote minne kwa zamu, na umeme ukiwa umewaka inaweza kuunganisha njia ya umeme na ya data au ya ardhi na kuunguza kidhibiti. Utaratibu ni mmoja: chomoa USB kwanza, ndipo uguse kebo ya katikati. Muuzaji anakataa kulipia vidhibiti vilivyoungua hivyo, na kwa kanuni yuko sahihi. Ila onyo lake liko ndani ya mwongozo wa mtandaoni ambao mteja anafika baada ya kuunganisha kila kitu. Kibandiko chenye maneno sita karibu na tundu lenyewe kingemwokolea ugomvi wote huo. Mpaka kiwepo, tunamhesabia nusu ya lawama.

Tukija kwenye urudishaji, sera yake inaweka watu wa aina tatu kapu moja: aliyepokea kitu kibovu, aliyepokea kitu kizima asichokipenda, na aliyeharibu mwenyewe. Wote wanajazishwa fomu ile ile, wote wanakatwa ada ya kurudisha bidhaa stoo, na wote wanaambiwa boksi likifunguliwa thamani imeshuka. Kwa aliyebadili mawazo, ada ina mantiki. Kibodi iliyochapwa haiuzwi tena kama mpya. Kwa aliyepokea bodi iliyokufa, ada hiyo haina utetezi wowote.

Halafu kuna kipengele cha bidhaa za oda maalumu. Duka linasema kibodi ambayo mteja amechagua swichi, rangi na kofia ni ya oda maalumu, kwa hiyo hairudishwi. Kwa wanunuzi wa Umoja wa Ulaya hoja hii haisimami. Direktivu 2011/83/EU inampa anayenunua kwa mbali siku 14 tangu kupokea mzigo ili ajitoe bila kutoa sababu. Inaondoa vitu vilivyotengenezwa kwa vipimo vya mteja, ila mwongozo wa Tume ya Ulaya unafafanua kwamba kuchagua kati ya chaguo zilizopangwa tayari na muuzaji hakukigeuzi kitu kuwa cha vipimo vya mteja. Kuchagua swichi nyekundu kwenye menyu ni kuchagua kwenye menyu. Kofia zilizochapwa jina lako ni jambo jingine. Direktivu hiyo inamwajibisha mnunuzi kwa thamani iliyoshuka kwa sababu ya kukishughulikia kitu kupita kiasi cha kukijua: kuchapa maneno machache ni kukijua kibodi, kulehemu si hivyo. Kwa kasoro, Direktivu (EU) 2019/771 inambana muuzaji kwa miaka 2, na kasoro ikijitokeza ndani ya mwaka wa kwanza inachukuliwa kwamba ilikuwepo tangu mwanzo isipothibitishwa vinginevyo. Uingereza, sheria ya haki za walaji ya 2015 inatoa siku 30 za kukikataa kitu chenye kasoro na kurudishiwa fedha zote. Anayeishi nje ya nchi hizo anabaki na sera ya duka na sheria ya kwao, na hapo ndipo malipo kwa kadi yanasaidia, kwa kuwa benki inaweza kuombwa irudishe fedha.

Kipengele kibaya kuliko vyote ni kile kinachosema kuchomoa swichi hata moja ni kuibadilisha bidhaa na kufuta waranti. Kibodi inauzwa kwa sifa ya kubadilishwa swichi! Tena dawati lao la msaada, mteja akiripoti kitufe kilichokufa, humwambia kwanza achomoe swichi. Ukipata agizo hilo, lipate kwa maandishi kabla ya kugusa, ulihifadhi.

Mambo mengine ya sera ni ya haki. Aliyenunua mpangilio wa vitufe wa ISO (wa Ulaya) akitaka ANSI (wa Marekani) hana wa kumlaumu kama picha ilionyesha Enter ya ghorofa mbili na Shift fupi ya kushoto ya 1.25u. Tofauti ndogo ya rangi kati ya vipande vya alumini vya bechi mbili tofauti, na alama za vishikio ndani ya kasha pale lilipotundikwa wakati wa kutiwa rangi, si kasoro. Mkwaruzo wa juu ni kasoro. Kibodi zenye betri ya lithiamu kurudishwa kwa njia ya nchi kavu, na zenye betri iliyovimba kutopokelewa kabisa kwa ndege, ni kanuni za usafirishaji na si ujanja wa duka. Betri ikivimba, acha kuchaji, piga picha, usiipeleke posta.

Gharama ya kurudisha ndiyo inayokula watu. Kibodi ya alumini ina uzito, na ikivuka mpaka inaweza kutozwa ushuru mara mbili. Andika kwenye fomu ya forodha kwamba ni bidhaa inayorudishwa kwa matengenezo, ambatisha ankara ya kwanza, na weka namba ya madai juu ya boksi. Fungasha kama ilivyokuja: sponji ya chini, mfuko, sponji ya juu, kisha boksi la duka ndani ya boksi jingine. Boksi la duka likitumwa peke yake kona huingia ndani, na duka husema kibodi ilipigwa njiani ikirudi.

Kazi ya siku ya kwanza, kwa hiyo, ifanyike kwa mpangilio. Rekodi video ya kufungua boksi bila kuikata. Kagua kasha pande zote kabla ya kutoa karatasi za kukinga. Chomeka kebo, igeuze kichwa, ijaribu tena. Bonyeza kila kitufe kwenye VIA, pamoja na pembe mbili za kila kitufe kirefu. Usipake grisi, usibadilishe swichi wala kofia hadi vipimo hivyo viishe. Ukikuta kasoro, andika ndani ya muda uliotajwa na duka, ukianza na jina la kitufe, jaribio ulilofanya na matokeo yake. Madai ya namna hiyo hata duka hili linayajibu upesi. Yanayosema tu kwamba kibodi ni mbovu yanarudishiwa orodha ndefu ya maswali.

Kibodi nzima iliyofungwa tayari, ya mpangilio wa kawaida, tunaona inafaa kununuliwa hapa: vipuri vipo na kofia mbovu zinabadilishwa bila ubishi. Zile za vipande viwili, nunua tu kama kidhibiti chake kinachomolewa bila kulehemu, kwa sababu kikiungua utakilipia mwenyewe. Na kofia za oda ya awali zinazolipiwa miezi kadhaa kabla ya kutengenezwa, subiri zile za ziada zinazoingia stoo baadaye. Bei inaweza kuwa juu kidogo, lakini kufikia wakati huo kuna picha za bidhaa halisi, na utaona kama kitufe cha nafasi kimenyooka.